Neno Chini ya Jina

Isobel Fothergill hakubisha hodi. Aliingia karakanani na matope ya zizini yakiwa bado kwenye viatu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye bamba la jiwe lililoegemezwa ukutani, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa kumtambua maiti. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akalilamba dole gumba na kulifuta neno la kwanza.

Amos Tyson alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananoa tindo. Hakuinuka. Herufi zile zilikuwa za penseli tu, ingawa kuzipanga kulimlia asubuhi nzima, maana mstari ulikuwa mrefu na jiwe lilikuwa dogo. Mawe ya watoto huwa hivyo.

"Hilo sitaki kuliona juu yake," Isobel alisema.

"Mumeo ndiye aliyeliagiza, binti yangu."

"Najua ni nani aliyeliagiza."

Neno lenyewe lilikuwa suffer. Ndilo linaloanza ule mstari ambao watu wa Skelbeck wameuchonga tangu zamani kwenye makaburi ya watoto wao, pale Bwana anapowaambia wafuasi wake wasiwazuie wadogo kumwendea. Lakini lugha haikai mahali pamoja. Siku hizi mtu akilisema neno hilo, dukani au hospitalini au kitandani kwake, anamaanisha kuteseka, wala hakuna anayemuuliza kama alimaanisha kitu kingine.

"Aliteseka miaka sita," Isobel alisema. "Midomo ya buluu kila baridi ikiingia. Nimtie mtoto kaburini, halafu nimwandikie kichwani kwamba aliteseka? Kila Jumapili nipite hapo nikumbushwe?"

Amos aliiweka tindo chini. "Kasisi anasema pale maana yake si hiyo. Anasema ni Kiingereza cha zamani. Maana yake ruhusuni. Waruhusuni waje."

"Hata mimi aliniambia hivyo. Alidhani ananifariji." Sasa aligeuka. Alikuwa bado kijana, miaka ishirini na minane hivi, ila uso ulikuwa umelegea kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. "Basi niambie wewe, Bwana Tyson. Nani aliruhusu? Mimi sikumruhusu aende. Nilimshika hivi, nikamwambia hapana, Wilfrid, hapana, na bado akaenda."

Amos alikuwa amechonga mawe katika bonde lile tangu utoto wake, na kitu kimoja alichojifunza ni kwamba mtu akiuliza swali la namna hiyo hatafuti jibu. Akangoja. Isobel aliifuta penseli kwenye dole lake kwa aproni, akatoka, na mlango akauacha wazi.

Lanty, mumewe, alifika jioni hiyohiyo, akiwa na mbwa wake nyuma. Alikuwa mtu mkubwa, mfugaji wa kondoo, mwenye kuongea kama kwamba kila neno analinunua. Aliliona pengo mwanzoni mwa mstari akaelewa.

"Amekuja."

"Amekuja."

"Lirudishe."

"Lanty, mimi jiwe hili nalichonga mara moja tu. Likishachongwa halifutiki kwa mate. Nyinyi wawili zungumzeni kwanza."

Lanty alicheka kicheko kikavu. "Kuzungumza na nani? Mimi nalala chumba cha sufu tangu Machi. Tukikutana jikoni anampa habari mbwa, mbwa ananiletea mimi." Akakaa juu ya gunia, akaikunjakunja kofia yake magotini. "Unamkumbuka Ada, dada yangu?"

"Namkumbuka." Jiwe la Ada lilikuwa limechongwa na baba yake Amos.

"Mimi kusoma nilijifunza pale kwenye jiwe lake. Mama alikuwa akinipeleka kila Jumapili, ananishika kidole ananipitisha ndani ya herufi. Sikujua maana. Nilijua tu kwamba hayo ndiyo maneno wanayopewa watoto wetu. Sasa Wilfrid awe wa kwanza kunyimwa? Kama vile si wetu?" Akasimama haraka, akampigia mbwa mluzi. "Lirudishe," akasema tena, lakini safari hii kama anayeomba.

Amos alifunga karakana akapanda kwenda nyumbani. Hester, mkewe, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Kendal, ambako alifundisha Kilatini katika shule ya wasichana. Alikuwa amevua viatu na kuiweka miguu karibu na moto, madaftari ya wanafunzi mapajani.

"Umechelewa, mzee. Nikadhani umejichongea jiwe lako ukalala chini yake."

"Lisingenitosha. Nililonalo ni dogo."

Akamsimulia. Hester alisikiliza bila kuinua kalamu, lakini Amos aliona kwamba kalamu ile haikuwa ikisahihisha tena.

"Isobel nilimfundisha," akasema mwishoni. "Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyote darasani. Mama yake alipofariki wakamtoa shule aje kukamua ng'ombe. Mwambie aje Jumapili, anywe chai."

"Atakuja?"

"Mwambie Mwalimu amemwita. Hilo huwa halizeeki."

Alikuja. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, akakaa ukingoni mwa kiti na kikombe mkononi, akiwa tena msichana aliyeitwa ofisini. Walizungumza habari za bei ya sufu na mvua iliyokataa kunyesha. Amos alikaa upande wa moto, akijitahidi kuonekana kama sehemu ya samani.

"Ferre," Hester akasema ghafla. "Bado unaikumbuka?"

Isobel alishangaa, kisha akaitamka yote kwa mkupuo, kama mtu anayejikuta akiimba. "Fero, ferre, tuli, latum."

"Ulikuwa ukikikasirikia sana kitenzi hicho."

"Kilikuwa kinabadilika sura mara tatu. Nilikuona unatudanganya. Kama familia ambayo watoto hawafanani hata mmoja, halafu unaambiwa baba yao ni mmoja." Karibu atabasamu. "Maana yake kubeba."

"Na sub?"

"Chini."

"Yashone pamoja."

Midomo ya Isobel ilianza kucheza, kama ilivyocheza mbele ya lile jiwe. Amos aliliona neno likimjia polepole.

"Ndilo, suffer," Hester alisema. "Warumi walilitumia hivyo. Kubeba kutoka chini. Kuingia chini ya mzigo na kuinuka nao. Hayo mengine yalikuja baadaye. Anayebeba muda mrefu huumia, likawa kuteseka. Anayebeba asiutupe mzigo huvumilia, na mwenye kuvumilia huliacha jambo liwe, ndipo likawa kuruhusu. Lakini mwanzo wake ni mgongo wa mtu, basi."

Isobel alikiweka kikombe mezani. "Nilikuwa nikimbeba kwenda zizini," alisema. "Kilima chote kile. Hakuweza kupanda hatua mbili bila kuishiwa pumzi, na hakutaka kubaki nyumbani. Ananipiga visigino mbavuni kama farasi. Twende, twende. Mpaka leo nikipanda kile kilima peke yangu najikuta nimeinama. Mgongo haujui kwamba hayupo."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo, Mwalimu." Sauti yake ikawa kali. "Wewe unalijua neno. Unajua lilikotoka na lilikopita. Kubeba kwenyewe hukujui. Hukuwahi kubeba mtoto."

Hester aliyatazama makombo ya keki kwenye sahani yake. Amos alitaka kusema kitu, amtetee mkewe, awaombe radhi wote wawili, hakujua. Lilikuwa jambo lililokaa kati yao tangu walipooana. Walitamani, wakangoja, vita vikaja, vikaisha, wakazeeka kidogo, wakaacha kulitaja.

"Nimebeba," Hester alisema.

Alikuwa akimwambia Isobel. Hakumtazama Amos kabisa.

"Ni wakati wa vita. Amos alikuwa amerudi likizo, kisha wakampeleka Misri. Nilibeba miezi minne. Nilikuwa nawafundisha nyinyi, ubaoni, nimeuficha mwili kwa joho. Februari nikampoteza, siku ya Jumanne, na Alhamisi nikarudi darasani kwa sababu mlikuwa na mtihani." Akaikunja leso yake mara mbili. "Sikumwandikia. Mtu aliye vitani unamwandikia habari za kuku na hali ya hewa. Nikasema nitamwambia akirudi. Akarudi amekonda, usingizini anapiga kelele, nikasema nimwache kwanza apone. Halafu ikawa tumeshazoea."

Moto ulikuwa haujapungua, lakini Amos alipiga magoti mbele yake, akachukua koleo na kuanza kupanga makaa, kipande kimoja juu ya kingine, kwa uangalifu ule aliokuwa akiutumia kwa mawe ya watu. Alibaki pale. Nyuma yake aliusikia mguu wa kiti ukisogea, na Isobel akisema, "Nisamehe, Mwalimu," na Hester akijibu, "Hapana. Bora umenisema."

Siku zilizofuata, Amos na Hester walizungumza habari za mkate, na basi lililochelewa, na bomba linalovuja. Hester alimpa nafasi ya kuuliza. Alikuwa anachelewa kulala, anakaa tu na madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Amos hakuuliza. Hakuwa na hasira, alijipekua hata akajiridhisha kwamba hana. Alikuwa akirudi nyuma kwa mawazo, mwaka kwa mwaka, kumtafuta mke wake. Kwenye gati siku aliporudi. Jikoni, Krismasi ile ya kwanza. Kila mahali alimkuta akitabasamu, na safari hii aliweza kuuona mzigo, na yeye mwenyewe kando yake, mikono mitupu, akiuliza kama chai iko tayari.

Isobel alirudi karakanani kabla wiki haijaisha. Lanty alikuwa naye. Walisimama mbalimbali, mbwa katikati, lakini walikuwa wamekuja kwa gari moja.

"Lichonge," Isobel alisema. "Ila lisiwe juu."

"Kwetu huwa juu," Lanty akamweleza Amos, kama anayemsaidia mkewe kujieleza. "La Ada liko juu. Mstari kwanza, halafu jina."

"Mimi nataka liwe chini kabisa. Jina la Wilfrid likae juu yake." Isobel aliuweka mkono ubapa hewani, kiganja kikitazama juu, akauinua kidogo. "Hivi."

Amos alimtazama Lanty.

"Aliniambia jana," Lanty alisema. "Alinieleza yote, ya Warumi na mgongo. Nusu sikuelewa." Akakohoa. "Nikamwambia hata mimi nilimbeba. Siku ile ya kumtoa nyumbani nilikataa wengine wasilishike lile sanduku. Halikuwa na uzito wowote. Hicho ndicho nilichoshindwa kukivumilia, kwamba halikuwa na uzito." Alikuwa akiongea na sakafu. Isobel hakumgusa, lakini alimsogeza mbwa kwa mguu, nafasi kati yao ikawa tupu.

Amos alifuta yote na kupanga upya. Mstari uliokuwa kofia ukawa msingi. Kwa vile sasa ulikuwa unalibeba jina, aliziongeza unene herufi zake kidogo, kiasi ambacho jicho la mpita njia lisingekitambua. Alichonga taratibu, vumbi la kijani la jiwe lile likimjaa kwenye nyusi, na alipofika kwenye neno lile alijikuta ameizuia pumzi mpaka herufi ya mwisho.

Walilisimika Oktoba, ardhi ya kaburi ilipokuwa imekwisha kujikaza. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Wazee wa kanisa walikuwa wameahidi kuleta mtu wa kusaidia kuinua, hakutokea. Lanty akaingia upande mmoja, na kabla Amos hajazunguka, Isobel alikuwa ameshapiga goti upande wa pili na kuipenyeza mikono chini ya jiwe.

"Litakuumiza," Lanty alisema.

"Nyanyua."

Wakanyanyua. Likaingia shimoni na kusimama, na Amos akalipima kwa timazi huku wale wawili wakilishikilia, mabega yao yakigusana juu yake. Alipowaambia linatosha hawakuliachia mara moja. Aliwaacha. Akafunga vifaa vyake ndani ya gunia akateremka njiani peke yake.

Ilikuwa Jumamosi, Hester yuko nyumbani. Alikuwa mezani anakata viazi. Amos hakuvua koti. Alivuta kiti akakaa mbele yake, mikono yenye udongo juu ya meza iliyokandiwa mkate asubuhi, na Hester hakumgombeza.

"Hester," alisema. "Ungemwita nani?"

Kisu kilisimama.

"Clara," alisema. "Nilihisi ni msichana. Sikujua, nilihisi tu. Clara."

"Clara," Amos alirudia.

Alilivuta vumbi la unga lililobaki ukingoni mwa meza, akalitandaza kwa kiganja, akaanza kuandika kwa kidole. C ilikaa vizuri. L nayo. Ilipofika zamu ya A alisita, maana L na A zikikaa jirani huacha uwazi kati yao, L inanyoosha mguu na A inaegemea mbali, na hakuna mchongaji aliyewahi kuuziba. Hester alikuwa ameacha viazi, ameinama kutazama. Amos alikipeleka kidole mbele, akakirudisha nyuma kidogo, akitafuta A ikae umbali gani.