Karatasi au Nyama

Mimi siongei kwa kuzunguka, kwa hiyo nianze hapahapa: mdogo wangu alikuwa amejificha nyuma ya ubao, na mumewe akaingia dukani kununua risasi.

Duka ni la marehemu baba. Ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara, kimekatwa katikati kwa plaiwudi. Mbele kuna kaunta na makabati yenye kufuli. Nyuma ni karakana, ambako baba alikuwa akitengeneza bunduki za watu na siku hizi natengeneza mimi. Plaiwudi yenyewe ni jina tu. Mtu akikohoa nyuma, mteja wa mbele anamwambia pole.

Mdogo wangu alikuwa amekuja asubuhi na mapema, kaloa chapachapa, begi moja mkononi na kandambili miguuni. Hakulia. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Dada, nimeondoka. Nimemwacha amelala." Nikampa taulo, nikampa chai, akakishika kikombe bila kunywa. Ndipo akanieleza alichoambiwa na mumewe jana yake, taratibu, huku bwana anafungua vifungo vya shati: "Ukitoka mlango huu, utarudi umebebwa."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Alisema. Halafu akaniuliza kama nimezima taa ya jikoni."

Huyo ndiye shemeji yangu. Mtaani wanamwita Mstaarabu, wala hawamkejeli. Hapandishi sauti, shati lake halina mkunjo, akikutana na mtu mzima anavua kofia. Mdogo wangu hajawahi kupigwa naye hata kofi. Anafungiwa tu. Mume akitoka anafunga kwa nje, anaondoka na funguo, anasema ni kwa usalama wake. Hilo la kufungiwa nililisikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na nilishikwa na hasira hadi meno yakaniuma. Kumbe mtu niliyekuwa namkaribisha chai miaka yote hiyo!

Tukakubaliana. Mvua ikipungua nafunga duka, nampeleka kwa shangazi yetu, mbali, ambako Mstaarabu hakujui. Kazi ilikuwa moja tu: asionekane hadi tuondoke. Nilikuwa bado naitafuta namba ya shangazi kwenye simu, kengele ya mlango ikalia.

Shemeji alisimama kwenye kizulia akafuta viatu, soli kwanza, kisha ubavuni. Begani alibeba bunduki ndani ya mfuko wake. Akaja, akailaza juu ya kaunta polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mvua gani hii, shemeji," akasema.

"We acha tu. Kwema nyumbani?"

"Kwema kabisa. Mdogo wako anakusalimu."

Nyuma ya ubao, hatua chache kutoka hapo aliposimama, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba. Nikasema, "Nami namsalimu," kwa ile sauti ninayoiweka kwa watu wa kodi.

"Haya, karatasi au nyama?" nikamuuliza.

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza tangu enzi za baba. Karatasi ni risasi za mazoezi: kichwa cha risasi ni kizima, ncha butu, kinakwenda vilevile kila mara na kinaacha tundu dogo kwenye karatasi ya shabaha. Nafuu, mtu anafyatua hadi achoke. Nyama ni za kuwindia sungura na kanga: kichwa kina tundu puani, kikiingia mwilini kinachanua, mnyama anaanguka palepale badala ya kwenda kufia vichakani kwa mateso. Bunduki ni ileile moja, ndogo, ya kipenyo cha ishirini na mbili. Anayechagua ni mwenye bunduki.

Shemeji ni mtu wa karatasi. Ni mwanachama wa klabu ya shabaha, ana vikombe kabatini kwake, na hajawahi kuwinda hata panya. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye rafu.

"Leo nyama," akasema.

"Wee! Tangu lini?"

"Sungura wananimalizia bustani."

Bustani! Uwanja wa nyumba ile umepigwa saruji hadi ukutani. Kitu pekee cha kijani pale ni ndoo ya kudekia. Lakini nilicheka, nikamwambia sungura nao wana njaa zao, nikafungua kabati la nyama kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Akachukua risasi moja, akaigeuza kidoleni, akalichungulia lile tundu la puani. "Nieleweshe, shemeji. Hii ikiingia, inatoka upande wa pili?"

"Kwa sungura, mara nyingi inabaki."

"Na kwa kitu kikubwa kuliko sungura?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Mbwa, tuseme."

Sasa, mimi nimeuza risasi tangu sijaota ziwa. Mwindaji wa sungura ana swali moja: itaniharibia nyama? Anataka kula, maskini. Anauliza ampige wapi, kichwa au bega, apate mapaja mazima. Huyu hakuuliza habari ya nyama hata mara moja.

Kisha akasogea hadi mwisho wa kaunta, pale inapokutana na plaiwudi, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Polepole, kwa adabu, kama anayebisha hodi ukweni.

"Na ubao kama huu? Zile za karatasi zinapita?"

Nyuma hakukusikika hata pumzi. Mimi nilitaka nimrukie. Naapa, kama kungekuwa na nyundo karibu yangu ningekuwa nasimulia haya nikiwa jela. Badala yake nikasema, "Toa mkono, bwana, hiyo ni ya marehemu, itatuangukia," nikacheka tena, kicheko kibaya mno. Akatoa mkono. Akatabasamu.

Hapo ndipo nikapata wazo, na nikajiona mjanja. Nikamwambia, "Sikiliza, shemeji. Bunduki yako imezoea karatasi. Ukiilisha kitu kingine leo, haitapiga pale unapolenga. Itabidi urekebishe kilengeo upya, na utamaliza boksi zima ukirekebisha. Sungura ni mdogo. Ukimkosa kidogo umemkosa kabisa, au umemjeruhi akakimbia. Na hizi za karatasi zinaua sungura vizuri tu, ukimpiga kichwani."

Yote hayo ni kweli, ndivyo baba alivyotufundisha. Lakini mimi nilikuwa na langu: nilitaka lile kabati la nyama lifungwe. Kuyaona yale matundu puani mbele ya mtu huyu kulinichafua moyo. Kukataa kumuuzia kabisa nisingeweza. Leseni yake ni halali, na ningekataa angeuliza kwa nini, na macho yangerudi kwenye ubao.

Akafikiri. Anapofikiri hupapasa tai yake kuanzia juu hadi chini.

"Kweli," akasema. "Mimi sitaki kukosa."

"Basi."

"Nipe karatasi."

Nikafunga kabati la nyama, nikampa boksi la karatasi, nikapumua. Ndiyo, nilipumua! Akatia boksi mfukoni mwa koti, akabeba bunduki yake, akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Mdogo wako akipita hapa, mwambie sina neno naye."

Kengele ikalia, akatoka kwenye mvua. Nikahesabu pumzi zangu nikisubiri kusikia gari likiondoka. Sikulisikia, ila mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nikajiambia limeshaondoka.

Pazia la karakana likafunguka. Mdogo wangu alikuwa na begi begani na uso umemtulia, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Umemsikia?" akasema. "Amechukua karatasi."

"Rudi ndani."

"Karatasi, dada. Na hana neno na mimi. Yale ya jana yalikuwa maneno ya hasira tu. Mtu mwenye nia mbaya angechukua nyama."

Nilimtazama nikadhani anatania. Hatanii. Mama yetu alikuwa hazipendi bunduki, na kila aliponung'unika, baba alimjibu, "Mama watoto, hizi ni za karatasi tu." Sisi tulicheza duka kwenye sakafu hiihii, mimi muuzaji, yeye mteja, na siku zote alinunua karatasi kwa sababu aliwahurumia sungura. Mimi niliendelea na kazi nikaujua ukweli wa risasi hizo. Yeye aliolewa akiwa bado na neno la baba kichwani.

"Una wazimu wewe?" Nilipiga kelele, na ubao na mvua visikie. "Karatasi ni jina la kuuzia! Moja inachanua na nyingine inapita moja kwa moja, basi, hiyo ndiyo tofauti. Zote zinaua! Nimempa hizo kwa sababu ndizo asizokosa nazo!"

Nilipolisema ndipo na mimi nikalisikia.

"Acha, dada," akasema kwa upole. "Ungeona ana nia ya kuniua, ungemuuzia?"

Yeye akaona nimenyamaza, akachukua kunyamaza kwangu kuwa ni jibu, akaelekea mlangoni. Nikamtangulia. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautumbukiza ufunguo ndani ya sidiria.

"Fungua."

"Sifungui. Nitukane utakavyo."

Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akasema, "Na yeye hufunga hivyohivyo."

Afadhali angenipiga. Machozi yalinitoka papo hapo, ya uchungu na ya hasira, na bado sikufungua. Nikatoa simu nikawapigia polisi, mgongo wangu kwenye mlango, yeye amesimama mbele yangu na begi lake.

Afande aliyepokea alikuwa anatafuna kitu. Nikamwambia shemeji yangu anataka kumuua mdogo wangu.

"Amefanya nini?"

"Amenunua risasi."

"Ana leseni?"

"Anayo."

"Risasi za nini?"

"Za shabaha, lakini sikiliza, afande..."

"Za shabaha. Sasa mama, hapo kosa liko wapi? Amenunua duka gani?"

Mdogo wangu alikuwa ananisikiliza.

"Langu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemuuzia?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Afande aliacha kutafuna. Nilimsikia akimwambia mwenzake kitu, wote wakacheka. Na kabla hajanirudia, kioo cha mlango, palepale nyuma ya kichwa changu, kikagongwa kwa kifundo cha kidole.

Niligeuka. Alikuwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli, kofia ameishika mkononi, maji yanamtiririka usoni. Gari lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, halijasogea hata kidogo. Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe juu ya bega langu.

"Mke wangu," akasema kupitia kioo, sauti ileile ya siku zote. "Utaumwa na baridi hii. Twende nyumbani."

Mdogo wangu alipiga hatua. Akanyoosha mkono kwangu akitaka ufunguo. Nami nikaona ameshakwenda, mikononi mwangu hayupo tena, na nikaanza kumwomba kama mtoto, maneno hata siyakumbuki.

Kisha akasita. Alikuwa anatazama chini, nje, karibu na viatu vya mumewe. Boksi nililomuuzia lilikuwa limetupwa barabarani, limechanwa, tupu, linalowa. Mwanamume yule haangushi hata tiketi ya basi. Akimaliza pipi anaikunja karatasi yake na kuiweka mfukoni hadi afike nyumbani. Mdogo wangu ameishi naye, ameifua mifuko hiyo, anamjua kuliko mimi. Akapandisha macho taratibu hadi kwenye mfuko wa bunduki begani kwake. Zipu ilikuwa wazi.

"Dada," akanong'ona, "usifungue."

Mumewe akagonga tena, kwa adabu. Kwenye simu afande alikuwa anauliza, mama, huyo anayegonga ni nani, na mimi macho yangu hayabanduki kwenye ile zipu. Mdogo wangu akaniondoa pale mlangoni kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanivuta nyuma ya kaunta, akaninyang'anya simu.

"Ni mume wangu," akamwambia afande. "Amekuja kuniua. Njooni haraka."