Wavuvi wa Bahari wa Kamina

Kamina haina bahari. Hilo lisemwe mapema ili mtu asipoteze muda kufungua ramani. Ukitaka mto wa maana, panda treni mpaka Bukama. Ukitaka bahari, mwombe Mungu. Hata hivyo kila Jumamosi alasiri, nyuma ya stesheni, kwenye majani yaliyoota kati ya reli zisizotumika, watu wazima kumi na wawili, wenye wajukuu na cheti cha ubatizo, walisimama mstari mmoja. Walivaa kofia pana na makoti ya kuelea yaliyoshonwa kwa magunia ya mchele na kujazwa chupa tupu za plastiki. Kila mmoja alishika ufito mrefu, akarusha mshipi wake kuelekea tairi la lori lililolazwa hatua arobaini mbele. Ndoana iliyoangukia ndani ya tairi ilipigiwa makofi. Iliyonasa mbuzi wa jirani haikuandikwa.

Hiyo ndiyo Klabu ya Uvuvi wa Bahari ya Kamina. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katiba ya kurasa kumi na tisa, muhuri wa mviringo na wimbo wa beti tatu. Bahari haikuwa nayo, lakini jambo hilo halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti wake, Amédée Kalunga, alikuwa mkuu wa treni mstaafu, mzee wa miaka sabini mwenye kitambi cha heshima, na mji mzima ulimwita Papa Président. Cheo hicho alikipata kwa samaki mmoja. Mwaka 1986 reli ilimtuma semina huko Moanda, pale nchi inapoigusa bahari, naye akarudi na mkia mkavu wa samaki pamoja na habari yake. Alikuwa espadon, samaki mwenye upanga puani. Walipambana kutwa nzima, mashua ikainama, wenyeji wa pwani wakamvulia kofia. Mwaka ule samaki alikuwa na urefu wa meza. Kufikia sasa, ingawa alikuwa amekufa siku nyingi, alikuwa ameshafikia urefu wa behewa.

Mkia ulitundikwa ukutani mwa klabu. Chini yake wanachama wapya waliapa, na kiapo chenyewe kilikuwa kunywa kikombe cha maji ya chumvi bila kukunja uso, ili koo lizoee bahari. Maji hayo yalitengenezwa na mke wa mwenyekiti, Mama Augustine, jikoni kwake, kwa kijiko na kisio.

Sasa tuseme ukweli, maana ukweli huo Amédée aliubeba peke yake kwa karibu miaka arobaini na ulimchosha. Hakufika Moanda. Malaria ilimdaka njiani, kwenye bandari ya mtoni ya Matadi, akalala siku nane kwenye kitanda cha misheni huku wenzake, watu wa Kinshasa na Lubumbashi, wakienda pwani na kurudi wamebabuka pua. Mkia aliununua sokoni pale pale Matadi. Ulikuwa wa samaki wa mtoni. Alitaka kuwaringia mashemeji zake jioni moja tu, basi. Kuogelea hakujui, na hata beseni lililojaa maji mpaka juu humpa kizunguzungu.

Balaa lilianzia kwa katibu, Hulda, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye miwani na kalamu tatu. Alirekodi mashindano ya tairi kwa simu yake, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi wa starehe wa pwani. Alikata picha vizuri, mbuzi hawakuonekana. Watu wa pwani wakastaajabu. Mikono gani hii? Kamina iko ufukwe gani? Ndani ya wiki moja ukaja mwaliko wenye nembo: Mwenyekiti Kalunga awe mgeni wa heshima kwenye mashindano makubwa ya Moanda, apande mashua ya kwanza, arushe mshipi wa kwanza, awaonyeshe vijana jinsi espadon anavyovuliwa.

Yav, makamu mwenyekiti na mfanyabiashara wa mahindi, alijitolea papo hapo kulipia safari yote. Yav hapitwi na jambo lenye picha.

Amédée hakula siku mbili. Aliogopa maji, na zaidi ya maji aliogopa kicheko cha watu wa pwani, ambacho kingerudi Kamina kwa simu kabla yeye hajashuka mashuani. Siku ya tatu akaitisha mkutano mkuu. Alikuwa amekata shauri: afadhali aaibike nyumbani.

"Bandugu," alisema, amesimama chini ya mkia, "ile samaki haikukuwako. Minyi sikufikaka ku Moanda. Malaria ilinikamata mu Matadi. Hii mukila niliuza ku soko." Kamina kuuza na kununua ni neno moja, na kila mtu alimwelewa.

Kisha Yav akaanza kupiga makofi polepole.

"Muliona?" alisema. "Njo muntu mukubwa. Banamuita kule pwani, yeye anajishusha. Hiyo njo humilité!"

"Apana, Yav, niko nasema bukweli."

"Hata Yesu alijishusha, Papa Président."

Hulda alikwishafungua katiba. Kifungu cha saba, alisoma, kinasema samaki wa mwanzilishi ndiye msingi wa klabu, na msingi haujadiliwi bila taarifa ya siku kumi na tano kwa maandishi. Juu ya hayo, aliongeza akivua miwani, darasa lake zima la tano lilikuwa limeandika imla juu ya yule espadon, na watoto walishasahihishiwa. Awaambie nini wazazi?

Amédée alimgeukia Kabange, mtoto wa wavuvi wa Bukama, mtu aliyeuona mto tangu tumboni. Miaka iliyopita Kabange aliutazama ule mkia kwa muda mrefu, akasema unafanana na wa samaki wa kwao, wakamnyima ruhusa ya kusema kwa vikao vitatu.

"Kabange, weye unajua samaki. Basemee!"

Kabange aliinamisha kichwa. "Papa, nilijua tangu zamani. Lakini siku ya kuoza mutoto yangu, balinitambulisha kama muvuvi wa bahari. Bakwe bote balisimama. Sasa unataka nibaambie nini, niko wa mutoni?"

Wakapiga kura. Hoja kwamba samaki hakuwepo ilikataliwa kwa kura kumi na moja dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya mwenyekiti. Hulda akaandika kwenye kumbukumbu kuwa mwenyekiti ameonyesha unyenyekevu wa kupigiwa mfano. Amédée akatakiwa kutia sahihi, akatia.

Alitembea kwenda nyumbani amevunjika moyo, na karibu na kivuko cha reli akasimama ghafla, akacheka peke yake. Kwa nini hakuwaza? Mwaliko ulisema treni ya Jumatano mpaka Lubumbashi, kisha ndege ya Ijumaa. Treni ya Jumatano! Miaka thelathini na moja alikuwa amefanya kazi kwenye treni hiyo. Treni ya Jumatano hufika Jumamosi, ikiwa na afya. Kuna mwaka ilifika treni ya Jumatano iliyotangulia na watu wakapanda bila kuuliza. Ndege ingeondoka, mashindano yangepita, naye angebaki stesheni na heshima yake yote, mgonjwa wa majonzi. Ni jambo ambalo mtu yeyote wa Kamina angeliwekea nyumba yake rehani.

Basi akawa mtu mwingine. Alifunga sanduku huku akiimba. Alikubali bendi ya parokia ije kumuaga, alikubali Yav apige picha, alikubali hata kuvaa koti la kuelea tangu nyumbani. Kwa Mama Augustine aliaga kwa maneno mazito mno kwa mtu anayetegemea kula ugali wa jioni kwake.

Jumatano saa nne asubuhi stesheni ilijaa. Amédée alipanda juu ya kreti la bia, akawaambia yuko tayari, ana hamu, na kama treni itachelewa moyo wake utapasuka. Watu wakasema wafwako, wafwako, wakimshukuru kwa Kiluba, na vikongwe wawili wakafuta machozi.

Ndipo honi ikalia upande wa kaskazini.

Bendi iliacha kupiga. Msimamizi wa stesheni alitoka ofisini akiwa na kiatu kimoja. "Inakuya!" alipiga kelele, mwenyewe haamini. "Iko kweli inakuya!" Treni ya Jumatano iliingia siku ya Jumatano, saa yake, kwa mara ya kwanza tangu watu wazima wa pale wapate akili, na umati ukashangilia kwa nguvu zisizowahi kusikika Kamina. Walisema ni baraka za Papa Président. Papa Président alibaki pale juu akiikodolea macho, na Yav na Kabange walimshusha kwenye kreti wakidhani ni furaha.

Mlangoni mwa behewa Mama Augustine alimvuta pembeni. Akatoa kikapuni chupa tupu ya plastiki, imeoshwa vizuri, na kifuniko chake.

"Papa Léa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "unijazie ile maji ya bahari."

"Ya nini, Mama Léa?"

"Miaka kumi na mbili niko natia chumvi mu maji ya bale bantu, sijui kama inatosha. Sikukuuliza hata siku moja. Nilijua hauna jibu."

Amédée alimtazama. Mkewe alikuwa amejua tangu ule mkia ulipoingia mlangoni, akaupangusa vumbi miaka yote hiyo. Amédée aliona haya, haya kubwa kuliko ile aliyoikimbia, na chini yake akaona kitu kingine: hamu ndogo, ya kweli, ya kuyaona yale maji.

"Wende," alisema Augustine. "Uonje weye wa kwanza. Kisha ukuye uniambie bukweli, minyi peke yangu."

Akaishika ile chupa kwa mikono miwili, akapanda.