Kigingi Mbele ya Mti

Kaka yangu alipofukuzwa chuo cha misitu, alifika nyumbani saa nne asubuhi, akachukua shoka, akaupasua mlango wa choo vipandevipande. Kisha akaketi juu ya vipande hivyo akaomba chai. Mama akampa. Mimi nikaokota mbao. Hakuna aliyeuliza kitu, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na shavu langu lilikuwa linaufahamu.

Kosa lake tulilijua baadaye. Pale chuoni hupati cheti bila mtihani wa kigingi. Unapewa mti mmoja. Hatua kumi na mbili kutoka shinani kinapigiliwa kigingi, nawe unatakiwa kuulaza mti juu yake mpaka kizame ardhini. Kabla ya hapo unapaza sauti ya onyo mara tatu. Kaka alipaza mara moja, akaona inatosha. Mti ukaenda pembeni, ukamvunja paja mwanafunzi mwenzake.

Mimi, dada yake mdogo, niliishia darasa la saba. Nilikuwa nikimwagilia miche kwenye kitalu cha chuo hichohicho, na huko ndiko alikoniona ofisa wa misitu, tuliyemwita Bwana Miti. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia iliyokwisha rangi. Ndiye aliyeniambia kwamba wa darasa la saba naye ana mlango wake. Ukifanya kazi ya miti miaka miwili, ukizamisha kigingi, na ofisa akitia sahihi kwenye fomu, unaingia kozi ya mwaka mmoja. Ukitoka unaweza kuwa mlinzi wa msitu, mpimaji wa magogo, au msimamizi wa kitalu. Fomu niliilalia chini ya godoro ili isikunjamane.

Wakati huo kaka alikuwa ameshaingia kwa Nundu, mwizi wa magogo, aliyeitwa hivyo kwa uvimbe uliomkaa kisogoni. Kukata hawakushindwa. Shida yao ilikuwa nyundo. Gogo lisilogongwa nyundo yenye alama ya serikali halipiti kizuizi cha barabarani, na nyundo ya eneo letu ilikuwa moja tu, kwenye mkoba wa Bwana Miti.

Mimi, kwa furaha yangu, nikaropoka wakati wa chakula. Nikasema mtihani ni Alhamisi, shamba la saba, tutakuwa wawili tu, na nikifaulu Bwana Miti ataligonga gogo langu palepale. Kaka akaacha kutafuna. Akaniuliza nimepangiwa mti gani. Kisha akachukua kijiti cha kuni, akanionyesha kwa kisu jinsi ya kuacha bawaba, ule unene wa vidole viwili usiokatwa, unaoushika mti usianguke ovyo. Alinifundisha kwa upole hata mama akanikonyeza. Nikadhani ndugu yangu amenirudia.

Alhamisi nilivaa kofia ngumu, nikakata mdomo wa mti, lile pengo la kuuelekeza, upande wa kigingi, nikazunguka nyuma, nikaingiza chenso, msumeno wa injini. Chenso ikilia husikii kitu kingine duniani. Nilipoizima na kupachika kabari, ndipo niliposikia mtu analia kule njiani, alikokwenda Bwana Miti kuzuia wapita njia.

Wezi walikuwa wanne. Bwana Miti alikuwa amepigishwa magoti, damu imemjaa sikio. Nundu alikuwa ameukanyaga mkono wake wa kulia juu ya jiwe na anauponda kwa kisogo cha shoka, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevunja karanga. Kila pigo aliuliza nyundo iko wapi. Bwana Miti alilia, ila hakujibu. Mmoja akampiga teke la mdomo, meno yakamwagika.

Wa nne alikuwa kaka. Alisimama akiangalia pembeni. Nundu alipoliinua shoka usawa wa kichwa, kaka akasema haraka, "Muache. Mkoba hauwekwi njiani. Unawekwa nyuma ya mkataji. Uko kule kwa mdogo wangu."

Na kweli ulikuwa kule, umetundikwa kwenye kisiki nyuma yangu.

Nundu akaja. Angeweza kuzunguka, lakini alikuja moja kwa moja kutoka kigingini, shoka likidondosha damu, huku akinitania. "Shemeji, hilo kofia limekukaa. Lete mkoba, tusije tukakuvua na kichwa chake." Kaka akamfuata nyuma.

Bawaba ilikuwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa. Nikashika shoka langu, nikageuza kisogo chake kwenye kabari, nikapaza sauti. "Mti unaanguka."

Nundu akacheka. Aliona mti umesimama wima na mwanamke anapiga kelele. Nikagonga kabari, nikapaza tena. Kaka akasimama ghafla. Aliutazama ule mdomo wa mti, akaona unamtazama yeye. Nikapaza mara ya tatu, sauti ikapasuka, nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Bawaba ikalia. Kaka akaruka pembeni, akawa amepona. Kisha sijui nini kilimwingia, akarudi kumvuta Nundu shati.

Nilirudi nyuma kwa mshazari kama inavyotakiwa. Vumbi liliposhuka, Nundu alikuwa chini ya shina kuanzia kifuani, na viatu vyake vilikuwa vinatikisika. Vikaacha. Kaka alikuwa ametupwa kando, tawi limemchana mguu mpaka mfupa ukaonekana. Wale wawili walikuwa wameshakimbia.

Polisi waliniuliza wezi walijuaje. Bwana Miti alikuwa kwenye machela palepale, mdomo umevimba. Nilijua nikisema, fomu imekwisha. Nikasema. Kwamba mmoja ni kaka yangu, na siku na mahali nilivitaja mimi, mezani kwetu, mdomo umejaa chakula.

Bwana Miti alifumba macho. Nikadhani amezimia.

Wiki tatu baadaye aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na hogo la plasta mkononi mpaka kiwikoni. Akasema kwa lile pengo lake, "Kuropoka utaacha. Onyo la tatu ungeweza kuliruka, hukuliruka. Lete fomu." Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikitambaa kama siafu. Ofisi ya chuo ikairudisha, ikidai sahihi hailingani na zake za zamani. Akaenda mwenyewe, akaliweka lile hogo juu ya meza ya karani. Hawakuuliza tena.

Nilianza kozi mwezi uliofuata. Jumapili ya kwanza ya ruhusa nilikwenda gerezani. Mama alikataa kufuatana nami; tangu siku ile hula chakula chake amenipa mgongo.

Kaka alikuja kwa magongo. Mguu mmoja ulikuwa umeishia gotini. Aliyatazama mabuti yangu ya chuo kwa muda mrefu. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, nikasahau kuna nondo kati yetu.

"Walipouondoa mti," akasema, "kigingi kilikuwa kimezama?"

"Chote."

Akaitikia kwa kichwa, akageuza magongo yake, akarudi ndani.