Ulanzi wa Linus

Linus alianza kukwamwa na ugali, kisha viazi, mwishowe hata uji ukawa haupiti. Katika hospitali ya misheni, daktari hakumficha mkewe Oktavia: ilikuwa saratani ya njia ya chakula. Akipasuliwa, huenda akameza tena. Huenda pia asirudi nyumbani. Na matibabu ya bure yalikuwa yamekwisha, siku hizi kila mtu alichangia.

Oktavia akaenda Makambako, akamuuzia Issa, mfanyabiashara wa mbao, miti yao yote ingali michanga. Issa alimshauri angoje ikomae, apate bei ya maana. Oktavia akamwambia mgonjwa wake hana muda huo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliondoa sehemu iliyooza, akaunga iliyobaki, akaweka mpira ubavuni wa kumlishia. Akamwonya Oktavia kwamba mdomoni kisipite kitu, hata tone la maji, mpaka atakaporuhusu. Mshono ukiachia, Linus atakufa.

Lakini Linus alikuwa mgema, na koo lake lilitaka ulanzi, pombe ya mianzi.

“Mama Lidia, nilowanishe ulimi tu. Nitatema.”

“Daktari amekataza, baba Lidia.”

“Kwani daktari ndiye niliyemuoa?”

Wodi nzima ikacheka, Oktavia naye akacheka. Siku iliyofuata shemeji yake, Hilario, akaja kutoka Kichiwa na chupa ya ulanzi mpya ndani ya koti. Oktavia akampokonya, akaenda kuumwaga bombani. Linus alimwona kupitia dirisha. Aliporudi, akamkuta amegeukia ukutani, na tangu hapo hakumsemesha tena.

Kisha homa ikampanda, kifua kikajaa. Alfajiri moja akakata roho.

Daktari akamweleza Oktavia kwamba ni mapafu yaliyomshinda. Mshono ulikuwa mzima. Oktavia alifuata masharti yote, hana kosa.

“Ulikuwa mzima?” Oktavia akauliza.

“Mzima kabisa, mama.”

Akashukuru, kama mtu anavyoshukuru. Akarudi kitandani, akatazama midomo ya mumewe iliyopasuka kwa ukavu. Akamwuliza muuguzi, kwa sauti ndogo, kama anaruhusiwa kuilowanisha.

Muuguzi akasema sasa hakuna ubaya.

Oktavia akachovya ncha ya khanga majini, akaipitisha taratibu, mdomo wa juu, kisha wa chini.