Mafaili Yaliyoota Mikia

Mzinga wa mwisho kule Ugalla waliuita Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna aliyeusogelea akarudi na uso aliozaliwa nao. Vestina aliujua vizuri. Mwaka jana nyuki wake wawili tu walimfumba jicho siku tatu. Kwa hiyo alijuta mara tu alipokubali dau la mwenzake wa ofisini, Safari: atakayeshindwa kurekebisha lebo za ndoo za asali, ndiye atakayekwenda kumrina Mama Mkwe.

Lebo zilikuwa arobaini, kila mfugaji na faili lake, na zote bado zilikuwa na mwaka uliopita. Lori lingefika ofisini Shanwe saa sita mchana. Kompyuta ya kazi ilikuwa Mac kuukuu ya msaada, ambayo mwenyekiti wa ushirika wa wafuga nyuki, mzee Nestori, aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

"Mimi natumia amri moja tu, dada," alisema Safari, akiweka pembeni laptop yake ya Linux iliyojaa stika. "Wewe bado uko na ed? Si ya enzi za treni ya makaa hiyo?"

"Ya makaa, lakini inasimama kila stesheni."

Vestina alikuwa amejifundisha mwenyewe. Kila amri aliijaribu kwenye mashine tatu tofauti kabla ya kuiandika kwa wino kwenye daftari lake. Ed ni programu kongwe ya kuhariri maandishi, haina rangi wala madirisha. Unaipa mistari mitatu, yaani badilisha, hifadhi, toka, nayo inaielewa vilevile popote utakapoikuta.

Alinakili mafaili kwenye flashi, kisha akampisha Safari kiti.

Safari akaandika sed, amri ya kubadilisha maneno, akaweka -i ili ibadilishe ndani ya faili lenyewe, akafuatisha -e. Vestina akaona. Kwenye Linux, hiyo -e hutangulia tu maelekezo. Mac huichukua kuwa mkia wa jina la nakala ya akiba. Alilijua hilo kwa machozi, maana lilimpata kwenye mashine hiyohiyo. Angeweza kusema. Alikohoa, akaenda kumimina chai.

"Tayari!" Safari akabonyeza kuchapa.

Printa huchapa kila kilichomo kwenye folda. Ilichapa arobaini, ikaendelea.

"Mbona haikomi?" aliuliza mzee Nestori.

"Inapasha injini, mzee."

Zilitoka themanini, nusu zikiwa za mwaka jana. Safari akachungulia folda: kila faili lilikuwa na pacha mwenye mkia wa -e. Badala ya kuuliza, akarudia amri ileile kwa mafaili yote. Mara hii zikatoka mia na ishirini.

"Zote za mwaka huu!" alishangilia.

"Na kila mfugaji amepata ndoo tatu," alisema Nestori. "Hao nyuki wamekula nini?"

Saa tano na nusu. Vestina alifuta folda, akarudisha mafaili ya kwenye flashi, akaiita ed na mistari yake mitatu. Printa ikatoa lebo arobaini, ikanyamaza. Lori lilipopiga honi, ndoo ya mwisho ilikuwa inabandikwa.

"Msalimie Mama Mkwe," Vestina alimwambia Safari.

Safari alikuwa akikodolea daftari lililoachwa wazi. Akasoma kwa sauti: "'Kwenye Mac, -i ikifuatwa na -e, faili huota mkia. Tahadhari.' Tarehe ya mwaka jana! Dada, ulijua?"

Vestina alinyoosha mkono kulifunga daftari.

Mzee Nestori alimwahi, akalichukua, akalisoma polepole, akalifunga.

"Mwana wanje," alimwambia Vestina, "mwanangu, Safari atarina, ameshindwa. Lakini aliyeona shimo akakohoa tu, ndiye atakayembebea bomba la moshi la kutulizia nyuki."

"Mzee, jicho langu..."

"Unayo mawili."

Jumamosi waliondoka wote wawili kwenda Ugalla kwa pikipiki moja. Safari alikuwa mbele kwenye usukani, na Vestina nyuma, amekumbatia bomba la moshi, anamsomea ukurasa wa kwanza wa daftari.