Mnyororo Ukishafungwa

Mimi nina kinyongo, na sioni haya kusema. Wenzangu kazini huniambia, "Dada Maelezo, samehe ule maisha." Nawajibu kwamba maisha nayala vizuri tu, na kinyongo changu kiko palepale.

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kioo kwenye kituo kikuu na kuwaelekeza watu. Mji huu umetandazwa ovyo. Bahari imeukata vipande vitatu, na kila kipande kimejaa watu wanaotaka kwenda kipande kingine. Kuna mabasi, treni, bajaji, bodaboda, vivuko viwili, na daraja moja lililo mbali na kila mtu. Niambie unakokwenda, nitakupa njia kabla hujamaliza kukohoa.

Jumatano ile, saa tatu na nusu asubuhi, mzee mmoja aliinama kwenye tundu la kioo. "Binti, nataka kufika bandari ya meli, kule rasini, kabla ya saa sita."

Nilimjua kwa sauti. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na sare hana tena, lakini sauti ni ileile. Filimbi! Ndivyo tulivyomwita alipokuwa msimamizi wa kivuko cha gati kuu, kwa ile filimbi aliyoivaa shingoni na kuipuliza kila mtu alipokosea hatua.

Shikamoo niliitoa shingo upande.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Wala hakunitambua.

Ngoja nieleze. Miaka tisa iliyopita nilifika gati kuu na mama yangu ndani ya bajaji ya bluu. Moyo ulikuwa umemshika, na hospitali iko ng'ambo. Filimbi alikuwa ndiyo kwanza anafunga mnyororo wa mlango wa kivuko. Kivuko bado kimefungwa kamba, abiria wanatuona, mama anahema. Nilimpigia magoti yule mtu. Akasema, "Mnyororo ukishafungwa haufunguliwi. Kitarudi. Dakika arobaini tu." Likaja gari jeupe la mkubwa fulani, likapiga honi mara moja, naye akaufungua mnyororo, akalipitisha, akaufunga tena mbele ya macho yangu. Mama hakuzifikisha hizo dakika arobaini. Alifia mapajani mwangu, ndani ya bajaji, kivuko kikiwa katikati ya maji.

Sasa mtu huyo yuko mbele yangu ananiomba njia. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa moto.

"Kuna nini huko, mzee wangu?" nikamuuliza, kwa sauti tamu kama asali.

Akasogea karibu. "Binti yangu anaondoka na meli ya saa sita, anakwenda kufanya kazi mbali. Miaka mitano hatusemeshani, kosa langu. Jana kanipigia mwenyewe, kasema, baba, njoo uniage. Na laini yake keshaifunga, simpati tena. Nisipomwona leo, sijui."

Njia ya kumfikisha ilikuwepo, tena rahisi: basi la daraja, saa moja na nusu, anashuka mlangoni pa bandari. Nilifungua mdomo. Akaniwahi mwenyewe.

"Ila usinipe basi. Foleni ya darajani itaniua. Mimi ni mtu wa vivuko, binti. Njia ya maji haimtupi mtu."

Ewaa! Anayetaka mwenyewe hasukumwi.

"Basi panda treni ya saa nne mpaka kiwanda cha chumvi," nikamwambia. "Chukua bajaji mpaka gati ndogo. Kivuko cha huko kinaondoka saa tano na dakika ishirini. Ukivuka tu, bandari hiyo hapo, unatembea kwa miguu."

Sikumdanganya neno hata moja. Ratiba ndivyo inavyosema, imebandikwa ukutani, kaisome. Nilichokinyamazia ni kwamba Jumatano treni hiyo husimama njia panda kuipisha treni ya mizigo, kama robo saa hivi. Hilo halijaandikwa popote. Tunalijua sisi.

"Mungu akubariki," akasema. Nikaitikia amina.

Ningeweza kubaki kitini. Thubutu! Miaka tisa nimengoja, nikose kushuhudia? Nilimwomba mwenzangu anishikie dirisha, nikatoka na kizibao changu cha kazi, nikamwita dereva wa bodaboda tunayemwita Roho Mkononi.

"Gati ndogo. Njia za nyuma."

"Unakimbizwa au unakimbiza?" akauliza.

"Nakimbiza."

"Basi kaza magoti."

Tulipita nyuma ya maghala, tukavuka reli, tukapita uwanja wa magari mabovu, jasho lake likinirukia usoni. Treni tuliiona njia panda, imesimama, watu wametoa vichwa madirishani. Nilicheka peke yangu. Roho Mkononi akageuka kunitazama, nikamwambia atazame barabara.

Saa tano na dakika kumi nilikuwa nimeshapanda kivuko, nimesimama nyuma kabisa, hatua tatu kutoka kwenye mnyororo. Saa tano na dakika ishirini mshika mnyororo, kijana mpole ninayewasiliana naye kila siku kwa simu, akaufunga. Na hapo hapo bajaji ikaingia kwa kasi, Filimbi akashuka kabla haijasimama, kofia mkononi.

"Nisubirini! Jamani, nisubirini!"

Hapa kuna jambo la kulijua. Baada ya kifo cha mama, sisi wafiwa tulipeleka malalamiko mpaka vivuko vyote vikawekewa utaratibu mpya. Mnyororo ukishafungwa na kamba haijafunguliwa, abiria huulizwa. Wakikubali wote, aliyechelewa anapanda. Akikataa mmoja, basi. Tuliupigania utaratibu huo mwaka mzima. Saini yangu ni ya kwanza kwenye ile karatasi.

"Abiria," mshika mnyororo akapaza sauti, "tumpandishe?"

"Mpandisheni!" wakajibu. Mikono ikainuka kila upande. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Mzee wa watu huyo, maskini."

"Kuna anayekataa?"

"Mimi," nikasema.

Mshika mnyororo aliniangalia kama hajanisikia vizuri. "Dada Maelezo?"

"Nimekataa. Fungua kamba."

Filimbi alikuja mpaka kwenye mnyororo, akaushika kwa mikono miwili. "Binti, si wewe uliyenielekeza? Nimekukosea nini?"

"Mnyororo ukishafungwa haufunguliwi, mzee. Kitarudi. Dakika arobaini tu."

Hapo ndipo aliponitambua. Niliona jinsi uso ulivyomshuka. Hakunitukana, hakuomba tena. Aliuachia mnyororo, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Bajaji ya bluu." Kumbe alikuwa anakumbuka. Miaka yote nilidhani amesahau, na kule kudhani ndiko kulikonipa nguvu.

Kamba ikafunguliwa. Yule mama wa kikapu akahamia upande wa pili, wengine wakamfuata. Sikujali. Nilimtazama Filimbi akizidi kuwa mdogo pale gatini, na nasema kweli, ilikuwa tamu. Malipo ni hapa hapa duniani. Nililisema hilo kwa sauti, wakazidi kunipa mgongo.

Ng'ambo nilikuwa sina shughuli, ila miguu ilinipeleka bandarini. Nilitaka kuiona meli ikiondoka, nimalizie kisasi changu pale.

Msichana mmoja alikuwa amesimama nje ya lango na begi moja, nyusi zake za Filimbi mtupu. Alipoona neno MAELEZO kwenye kizibao changu alinijia mbio.

"Shikamoo mama. Samahani, kivuko kingine kinafika saa ngapi? Namngoja baba. Yeye hapandi basi hata umbebe."

Kwa kazi yangu, swali hilo nalijibu usingizini. "Kinaondoka kule saa sita," nikasema.

Akatazama saa yake, akatazama meli. Watu walikuwa wanapanda.

"Haya. Nilijua tu," akasema, akijaribu kutabasamu. "Kila siku ni hivyo hivyo. Alisema atakuja, nami mjinga nikaamini."

Akainama kushika begi. Ningenyamaza, kisasi changu kingekamilika, kisibaki hata punje. Nami nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka.

"Amekuja," nikamwambia. "Yuko ng'ambo, nyuma ya mnyororo. Abiria wote walikubali apande. Mimi ndiye niliyekataa."

Aliweka begi chini. "Kwa nini? Amekufanya nini baba yangu?"

Nikaanza kumweleza. Hadithi hii nimeisimulia miaka tisa, naijua kwa moyo. Nikamwambia habari za mama, alivyoamka asubuhi ile analalamika kifua, alivyokataa kuvaa viatu, tulivyoipata bajaji ya bluu. Sikufika hata kwenye habari ya mnyororo. Honi ya meli ikalia, mlinzi wa lango akamwita apande, naye msichana akasimama palepale akinitazama, akinisubiri nimalize.