Fundi Claude na Pensheni ya Mjane

Mwaka 2017, wateja wote wa saluni ya Capitoline katika mtaa wa Troyeville walijua kuwa fundi Claude anamtaka. Duka lake la ushonaji lilipakana na saluni, na haikupita siku asije kuazima mkasi, ilhali mshona nguo ni yeye. Capitoline naye alimpenda. Lakini kila Claude alipotaja ndoa, Capitoline aligeuza mazungumzo.

Marehemu mumewe, Marcellin, alikuwa nesi katika hospitali ya serikali. Alipofariki, mfuko wa watumishi ulianza kumlipa Capitoline pensheni ya mjane, nayo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yao, Shekinah. Wanawake wa kanisani walimwonya: ukiolewa tu, wanaikata.

Siku moja Claude alikuja bila kisingizio cha mkasi.

"Mama Shekinah, kama bado unamlilia Marcellin, niambie. Nitangoja."

Capitoline aliona aibu. "Si Marcellin, fundi. Ni pensheni yake."

Claude alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Eish! Kumbe nimemwonea wivu marehemu bure! Twende tukaulize."

Katika ofisi ya mfuko huo walihudumiwa na Tumu, mama mwenye miwani mizito, aliyewaeleza kwa Kizulu cha taratibu.

"Pensheni hii ni yako maisha yako yote," alimwambia Capitoline. "Olewa na umtakaye." Kisha akamgeukia Claude. "Ila wewe, baba, akitangulia yeye, hupati kitu. Na michango ya marehemu mumewe ikibaki, ni ya binti yao."

Capitoline alimtupia Claude jicho la wasiwasi.

"Basi itabidi nimtunze azeeke sana," Claude alijibu.

Foleni nzima iliangua kicheko, na bibi mmoja akapiga vigelegele.

Jioni Capitoline alimpigia simu mama mkwe wake kule nyumbani Gitega. Alimweleza yote.

"Huyo mwanamume anakula nini?" mama mkwe aliuliza.

"Kila kitu, mama."

"Afadhali. Mwanangu alikuchosha kwa kuchagua chakula. Olewa, binti yangu. Na Shekinah aje likizo kama kawaida."

Capitoline alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akagonga ukuta kumwita Claude aje asalimie.